Bei ya mkono wa kufungua kifua

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma kiasi cha lita 5 za damu kila dakika, na damu yote hiyo lazima ipite kwenye mapafu kwanza ndipo izunguke mwilini. Pafu la kulia hupokea zaidi kidogo ya nusu yake. Daktari anayeliondoa pafu hilo anaufunga kwa uzi, au anaubana kwa stepla, mshipa unaopitisha zaidi ya lita 2.5 kwa dakika, na ukuta wa mshipa huo ni mwembamba na mlaini kuliko ule wa aota. Mwili mzima una kama lita 5 tu. Ukichanika, kwa hesabu ya kalamu peke yake, damu yote imekwisha ndani ya dakika mbili.

Kumpata mtu wa kukabidhiwa kazi hiyo kunagharimu nini? Wizara huuliza swali hili inapopanga bajeti ya mafunzo. Familia huliuliza kwa namna yake. Mzee ameandikiwa rufaa, karatasi ina jina la daktari bingwa wa upasuaji wa moyo na kifua, na kitinda mimba ameshalitafuta jina hilo kwenye simu. Anasoma kwa sauti: shahada ya kwanza chuo fulani, ya pili chuo kingine, miezi kadhaa ya mafunzo India au Afrika Kusini, uanachama wa vyama vitatu. Mzee anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, “Sasa huyu kazi anaijua, mwanangu?” Kijana hana jibu. Wasifu umejaa majina ya vyuo, lakini namba moja iliyotakiwa haimo: upasuaji wa aina hii hii, katika hospitali hii hii, amefanya mara ngapi kwa mwaka.

Hoja yangu ni kwamba namba hiyo ndiyo yenye bei kubwa kuliko nyingine zote kwenye utaalamu wa kifua, na kwamba daktari peke yake hawezi kuinunua. Lakini tuanze na miaka, kwa kuwa ndiyo inayoonekana.

Kwa utaratibu waliopitia madaktari wa Tanzania waliopo kazini leo, ni miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita, 5 ya shahada ya udaktari, na 1 ya utarajali, ule mwaka wa kuzungushwa wodi baada ya wodi chini ya macho ya wakubwa. Jumla 19, na mtu huyo bado hajaruhusiwa kugusa pafu. Kama alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 7, sasa ana 26. Mara nyingi hapo huajiriwa kwanza, akapelekwa wilayani, akafanya upasuaji wa uzazi, wa ngiri na wa kidole tumbo, ndipo aombe nafasi ya kusomea ubingwa. Ubingwa wa upasuaji wa jumla unakula miaka mitatu au minne, na ubingwa bobezi wa moyo na kifua unaongeza mingine miwili au mitatu. Weka na muda wa kusubiri ruhusa ya mwajiri na ufadhili. Si ajabu mtu akafungua kifua cha kwanza kama mwenye dhamana akiwa anakaribia miaka 40.

Ziko njia nyingine. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi COSECSA, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Hakina majengo ya kufundishia. Mwanafunzi hubaki kwenye hospitali iliyoidhinishwa, anafanya kazi huko huko, na chuo kinamtahini. Miaka 2 ni ya misingi ya upasuaji, kisha angalau 3 ya fani yenyewe, upasuaji wa moyo na kifua ukiwa mojawapo. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina shahada ya uzamili inayompeleka mtu moja kwa moja kwenye fani hiyo. Marekani njia ya zamani ni miaka 4 ya chuo, 4 ya udaktari, 5 ya upasuaji wa jumla na 2 au 3 ya kifua: 15 au 16 baada ya sekondari. Tangu mwishoni mwa muongo wa 2000 wamekuwa na njia ya mkato ya miaka 6 baada ya udaktari, inayofanya jumla iwe 14. Uingereza ni 5 ya chuo, 2 ya msingi, kisha 7 au 8 ya fani.

Ukizitazama namba hizo kwa pamoja, tofauti kati ya Dodoma na Chicago ni ndogo kuliko mtu angedhani. Kila nchi imefika mahali pamoja: zaidi ya muongo mmoja baada ya sekondari. Kinachotofautiana ni nani analipa. Marekani, nusu ya wahitimu wa udaktari wenye mikopo wanamaliza na deni la takriban dola 200,000 au zaidi, kila mmoja akiwa nalo kwa jina lake. Kwetu bili haionekani kwa sababu imegawanywa vipande: ada ya wazazi, mkopo wa bodi, ufadhili wa serikali wa ubingwa bobezi, na kipande ambacho hakiandikwi popote, yaani ile hospitali ya mkoa iliyomwachia daktari wake pekee wa upasuaji aende masomoni kwa miaka minne huku mshahara ukiendelea na kiti kikiwa kitupu. Akinamama waliosafirishwa usiku kwenda mkoa wa pili katika miaka hiyo minne nao wamechangia ada.

Kifua cha 119

Miaka ndiyo hiyo; sasa ile namba. Hospitali nne za Ulaya, zote za wabobezi, zilikusanya kumbukumbu za wagonjwa 646 walioondolewa umio kwa njia ya matundu madogo, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Annals of Surgery. Umio ni ule mrija wa chakula unaopita kifuani nyuma ya moyo. Saratani ikiushika, daktari huukata, huvuta tumbo la chakula hadi juu kifuani, na kuunganisha. Ule mshono wa kuunganisha ndio roho ya kazi yote. Ukivuja, mate na chakula vinamwagika pembeni mwa moyo na mapafu, na mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri siku ya tatu anaweza kuwa mahututi siku ya sita.

Katika kipindi cha kujifunza, mshono ulivuja kwa wagonjwa 18.8 kati ya kila 100. Baada ya timu kuzoea, 4.5. Kutoka karibu mmoja katika watano mpaka chini ya mmoja katika ishirini. Na mahali ambapo mstari ulitulia ni upasuaji wa 119. Watafiti walipiga pia hesabu ambayo wengi wetu tungeikwepa: wagonjwa 36 walipata uvujaji ambao wasingeupata kama wangefanyiwa na timu iliyokwisha kukomaa. Tukumbuke kwamba madaktari hawa hawakuwa wanafunzi. Walikuwa mabingwa wenye vyeti vyote ukutani, wakijifunza mbinu mpya ya kazi waliyoifanya kwa miaka.

Chukua sasa daktari anayepata wagonjwa 7 wa namna hiyo kwa mwaka. Ukigawa 119 kwa 7 unapata 17. Atastaafu punde baada ya kukomaa.

Mwaka 2002 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha hesabu pana zaidi, iliyotokana na upasuaji milioni 2.5 wa aina 14 kwa wazee wa Marekani kati ya 1994 na 1999. Kwa upasuaji wa kuondoa umio, hospitali zilizofanya chini ya 2 kwa mwaka zilipoteza wagonjwa 20.3 kwa kila 100. Zilizofanya zaidi ya 19 zilipoteza 8.4. Pengo la karibu wagonjwa 12 katika 100, na hakuna dawa mpya wala mashine mpya iliyohusika. Lakini si kila upasuaji uko hivyo. Kwa kusafisha mshipa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo, namba zilikuwa 1.7 na 1.5, tofauti ambayo familia isingepaswa kuipandia basi. Kuondoa pafu zima kulikuwa upande wa umio: pengo lilizidi wagonjwa 5 kwa 100.

Namba hizo ni za zamani na vifo vimeshuka tangu hapo; leo kuondoa pande moja la pafu kwenye vituo vikubwa vya Marekani kunaua mgonjwa kati ya 1 na 2 kwa 100. Umbo la hesabu ndilo la kuangalia. Na angalia pia kilichohesabiwa: hospitali. Mkono wa daktari ni sehemu tu ya namba hiyo. Ndani yake yumo mtaalamu wa usingizi anayeweza kulilaza pafu moja huku lingine likipumua, kwa mrija wenye njia mbili ambao ukisogea sentimita moja tu mambo yanaharibika. Yumo muuguzi wa ICU anayeona saa nane za usiku kwamba mapigo yamepanda na joto limeanza, akapiga simu badala ya kungoja raundi ya asubuhi. Yumo mtaalamu wa viungo anayemlazimisha mgonjwa kukohoa wakati mbavu zinauma. Mtu akitoka Ulaya na cheti kizuri akaingia mahali ambapo hawa hawapo, ile 4.5 haiji naye kwenye begi.

Kazi nyingi si kukata

Watu humfikiria daktari wa kifua akiwa na kisu. Ukihesabu maamuzi yake, mengi ni ya kutokata, na hapo ndipo utaalamu unapoonekana kwa karibu.

Chukua kijana wa bodaboda aliyeletwa usiku, mbavu zimevunjika, upande mmoja wa kifua haupandi. Kitabu cha mafunzo ya majeruhi kinachotumika dunia nzima kinasema kati ya walioumia kifua kwa kugongwa, chini ya 10 katika 100 ndio wanaohitaji kufunguliwa. Kwa waliochomwa au kupigwa risasi ni kati ya 15 na 30. Waliobaki wengi huokolewa na mrija. Kwa mtu mzima ni mrija wa namba 28 au 32, na namba hizo ni theluthi za milimita: 28 ni unene wa milimita 9 na kidogo, kama kidole cha mtoto. Unaingizwa kati ya mbavu, ncha ya nje inazamishwa kwenye chupa ya maji sakafuni, kina cha sentimita 2 hivi. Hewa inatoka kwa mapovu na haiwezi kurudi, kwa kuwa maji yamefunga mlango. Hiyo ndiyo mashine yote. Ukipita wodini utaona ndugu wanaogopa kuigusa ile chupa, na wana haki: ikiinuliwa juu ya kitanda, maji yanaweza kurudi kifuani.

Kisha daktari anaisoma. Damu ikitoka lita 1.5 mara tu mrija unapoingia, au ikiendelea kwa mililita 200 kila saa kwa saa mbili hadi nne, kifua kifunguliwe. Chini ya hapo, mara nyingi asubiri. Mililita 200 ni ujazo wa kikombe cha chai. Daktari mzuri wa zamu anauliza mililita ngapi na kwa muda gani kabla hajauliza jina la mgonjwa, na naona si ukosefu wa adabu.

Historia ya fani hii imeanzia kwenye kusubiri huko huko. Mwaka 1918 jeshi la Marekani lilikuwa linapoteza vijana wengi kambini kwa usaha wa kifuani uliofuata homa ya mapafu. Madaktari waliufungua mapema, kama walivyofunzwa kwa jipu lolote, na kifua kilipofunguliwa kabla pafu halijashikamana na ukuta, pafu liliporomoka. Tume aliyokuwamo daktari wa upasuaji Evarts Graham iliwaambia wavute usaha kwa sindano kwanza na wangoje. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa 100 vikashuka mpaka chini ya 5 kwenye kambi ambako ushauri ulifuatwa. Graham huyo huyo, tarehe 5 Aprili 1933 huko St. Louis, aliondoa pafu zima la kushoto la James Gilmore, daktari wa uzazi mwenye saratani, kwa mkupuo mmoja. Hakuna aliyekuwa amefaulu kufanya hivyo kwa saratani kabla yake. Gilmore aliishi mpaka 1963. Graham, mvutaji mkubwa wa sigara, alikufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1957, miaka saba baada ya yeye na Ernst Wynder kuchapisha uchunguzi wa wagonjwa 684 uliohusisha ugonjwa huo na sigara.

Turudi kwenye kalamu. Kabla ya kuondoa pande la pafu, daktari lazima ajue kitakachobaki kinamtosha mgonjwa kupanda ngazi za nyumbani kwake. Mapafu mawili yamegawanyika katika sehemu ndogo ambazo kwa hesabu hii huhesabiwa 19: kulia 10, kushoto 9. Mgonjwa anapuliza kwenye kipimo kwa nguvu zote, na hewa anayoitoa katika sekunde ya kwanza inapimwa. Tuseme ni lita 1.8, na kwa umri na urefu wake alitakiwa atoe lita 3. Pande la juu la kulia lina sehemu 3. Zikiondoka zinabaki 16, kwa hiyo 1.8 mara 16 gawanya kwa 19: lita 1.52, au nusu ya kiwango chake. Likiondoka pafu lote la kulia zinabaki sehemu 9: lita 0.85, asilimia 28.

Miongozo ya Marekani inasema akibaki na zaidi ya asilimia 60, na kipimo cha pili cha jinsi gesi inavyopenya kwenye damu kikiwa juu ya hapo pia, aendelee. Kati ya 30 na 60 ajaribiwe mwendo. Chini ya 30 apelekwe kwenye kipimo kamili cha mazoezi chenye mashine, kabla ya mtu yeyote kushika kisu. Huyu wetu anaweza kuvumilia kupoteza pande, lakini kumwondolea pafu zima ni kucheza kamari. Na jaribio la mwendo lenyewe? Ngazi. Akipanda mita 22 kwenda juu bila kusimama, kiasi cha ghorofa saba, hatari yake ni ndogo. Gharama ni jozi ya viatu na daktari aliye tayari kupanda naye. Hospitali yenye ghorofa mbili italazimika kumpandisha na kumshusha, au kumpima kwa mwendo wa mita 400 kwenye korido. Napenda kipimo hiki kwa sababu moja: ni mojawapo ya mahali pachache kwenye tiba ya kisasa ambapo hospitali ya wilaya na ya New York zinatumia kifaa kile kile.

Kadi moja, viungo vitatu

Kwenye karatasi ya rufaa ya ukanda wetu huandikwa “moyo na kifua”, na hilo linaficha tofauti kubwa. Japani na Ujerumani, anayepasua mapafu kwa kawaida si yule anayepasua moyo. Ni fani mbili zenye mitihani miwili. Kwetu mtu mmoja hubeba moyo, mapafu na umio, na mzigo haugawanyiki sawa. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilipoanza kujitegemea mwaka 2015 pale Muhimbili, jina lake lilitaja moyo, na fedha na umma wakafuata jina. Ilikuwa sawa, watoto wenye matundu ya moyo walikuwa wanapelekwa India kwa fedha nyingi. Lakini mgonjwa wa pafu akisoma kwenye wasifu “upasuaji zaidi ya 500”, aulize 500 ya nini. Inaweza kuwa 480 ya moyo.

Na mapafu ya hapa yana shida zake. Kifua kikuu kiliwapata watu takriban milioni 10.8 duniani mwaka 2023. Wengi hupona kwa vidonge vya miezi sita, ila wengine hubaki na pafu lililoliwa, lenye mashimo, na fangasi huingia kwenye mashimo hayo na kuota kama mpira. Miaka mingi baada ya kupona, mtu anaanza kukohoa damu. Upasuaji huo ni mgumu kuliko wa saratani ya mapema, kwa sababu pafu limegandamana na ukuta wa mbavu na kila milimita linabanduliwa likivuja. Mafunzo ya Ulaya hayana wagonjwa wengi wa aina hii. Daktari aliyesomea katika hospitali za Muhimbili au Kenyatta na kubandua mapafu ya namna hiyo ana namba ambayo wasifu wa London hauna, na ni haki yake kuiandika.

Umio ni hadithi nyingine. Kutoka Ethiopia kushuka hadi Malawi kuna ukanda ambamo saratani hii ni ya kawaida kuliko sehemu nyingi za dunia, na chanzo hakijaeleweka kikamilifu. Chai ya moto sana na moshi wa jikoni ni miongoni mwa vinavyotiliwa shaka. Kule Bomet, magharibi mwa Kenya, hospitali ya Tenwek imepokea wagonjwa wa umio wenye umri wa chini ya miaka 30, jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitarajii. Wengi hufika wakiwa hawawezi kumeza hata uji, na upasuaji hauwezekani tena. Kati ya 1999 na 2008 madaktari wa hapo waliweka karibu stenti 1000, vile vibomba vya waya vinavyotanuka na kuufungua umio ili mtu ameze mpaka siku zake zitakapokwisha. Stenti moja huwekwa kwa dakika chache na mgonjwa anakunywa maji siku hiyo hiyo. Kwenye wasifu wa daktari, kazi hiyo inachukua mstari mmoja, kama ipo.

Kuna jambo jingine la kuangalia kwenye wasifu, nalo ni mwaka. Elimu ya kifua inachacha. Mwaka 1995 utafiti wa wagonjwa 247 Marekani ulionyesha kwamba kukata kidogo badala ya pande zima kunafanya saratani irudi pale pale karibu mara tatu zaidi, na kwa robo karne wanafunzi wakafundishwa: pande zima, basi. Mwaka 2022 Wajapani wakatoa matokeo ya wagonjwa 1106 wenye vivimbe visivyozidi sentimita 2. Baada ya miaka mitano walikuwa hai 94.3 kwa 100 kati ya waliokatwa sehemu ndogo, na 91.1 kati ya waliokatwa pande zima. Mwaka uliofuata utafiti wa wagonjwa 697, wengi wao wa Marekani, ukasema kwamba kwa vivimbe vidogo kukata kidogo si duni. Aliyemaliza ubingwa 2005 na asisome tena anawaondolea watu nyama ya pafu wasiyohitaji kuipoteza. Ila kukata sehemu ndogo ni kazi ngumu zaidi kwa mkono, kwa hiyo naye anarudi kwenye foleni ya kujifunza, akihesabu upya kutoka moja.

Hesabu ya nchi

Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilisema mwaka 2015 kwamba watu bilioni 5 hawawezi kupata upasuaji salama na wa bei wanayoimudu wakiuhitaji, na kwamba upasuaji milioni 143 wa ziada unahitajika kila mwaka. Iliweka lengo la chini la wataalamu 20 wa upasuaji, usingizi na uzazi kwa watu 100,000. Serikali zetu zimelishika hilo la mwisho na kulitafsiri kuwa idadi ya wahitimu. Idadi ya wahitimu ni rahisi kutangaza bungeni.

Tuseme nchi ina wagonjwa 60 wa umio kwa mwaka wanaofika mapema kiasi cha kufanyiwa upasuaji, na hospitali 10 zenye daktari mwenye cheti. Zikigawana sawa, kila moja inapata 6. Hakuna hata moja itakayokomaa, na mwanafunzi anayezunguka humo kwa miaka mitatu ataona 18, atashika kisu kwa nusu yake akibahatika. Wapeleke wote 60 kwenye hospitali 3: kila moja ina 20, juu ya ule mstari wa 19, na mwanafunzi anaona 60 kwa muda ule ule. Madaktari, bajeti ya mishahara na wagonjwa havijaongezeka hata kimoja.

Kwa nini basi haifanyiki? Fahari ya mikoa ni sababu mojawapo. Kila hospitali ya kanda inataka jiwe lake la msingi. Sababu ya uzito zaidi ni nauli. Tume ile ile ilikadiria kwamba watu milioni 33 kwa mwaka wanafilisika kwa kulipia upasuaji wenyewe, na milioni 48 wengine kwa gharama za kuufikia: basi, chakula, pa kulala. Kundi la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Mgonjwa wa Kigoma anayeambiwa aende Dar es Salaam haendi peke yake. Anaenda na shemeji wa kumwogesha, na shemeji huyo analala kwenye korido ya hospitali kwa wiki tatu, shamba likiwa halina mtu. Wengi wakipiga hesabu hiyo wanabaki nyumbani, na kwenye takwimu hawaonekani kama vifo vya upasuaji.

Fedha zinaweza kwenda kwenye mashine badala ya nauli: roboti ya upasuaji yenye jina hununuliwa kwa takriban dola milioni 2, bila kuhesabu vifaa vyake vinavyotumika mara chache na kutupwa, wala mkataba wa matengenezo wa kila mwaka. Sipingi roboti. Napinga mpangilio. Jengo la kulala ndugu lenye jiko na maji karibu na wodi ya kifua, nauli ya mgonjwa na msindikizaji mmoja ikilipwa na bima kama sehemu ya tiba, na wauguzi wa ICU wasiohamishwa kila baada ya miezi sita: hivi ndivyo vinavyowafikisha wagonjwa 20 mahali pamoja, na wagonjwa 20 kwa mwaka ndio wanaomtengeneza daktari. Mashine ikitangulia, itawekwa mikononi mwa mtu anayeitumia mara 6 kwa mwaka, na baada ya miaka mitano atakuwa amefika upasuaji wa thelathini, bado 89.